Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mlezi wa biashara na huduma kwa jirani

Kila mwaka masomo ya vyuo vikuu yanapofunguliwa, makanisa yetu ya Kivu na Ituri yanaaga vijana wao. Kijana amepata diploma ya Serikali, familia imeuza mbuzi ili kupata minervali, wazee wanamwekea mikono, kwaya inaimba, kisha anapanda gari kwenda Bukavu, Goma, Beni, Butembo au Bunia. Tunampa maombi na feza kidogo. Kitu cha tatu ambacho mara nyingi hatumpi ni mtu. Yaani mkristo mzima, mwenye kazi yake mjini, atakayemwonyesha namna feza inavyotafutwa kwa jasho, inavyotunzwa, na inavyotumika bila kumwumiza jirani.

Makala hii inaeleza malezi ya namna hiyo: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafuatana na mfanyabiashara wa kanisa, na wakati uleule anapewa huduma moja ya kuwatumikia watu wa mtaa. Nitaeleza kwa mfano wa binti mmoja wa kanisa letu katika mwaka wa masomo 2024-2025 huko Bukavu. Alikubali nieleze habari yake, lakini jina lake nimeliacha.

Kwa nini mwaka wa kwanza

Waliosoma zamani walisema G1. Leo, katika mfumo wa LMD, tunasema L1. Jina limebadilika lakini hali ni ileile: kijana anafika mjini, hajui mtu, na katika miezi michache anajijengea desturi ambazo zitamfuata miaka mingi. Anajifunza kukopa au kuweka akiba, kuamka mapema au kulala, kutafuta marafiki wa kusoma nao au wa kupoteza nao wakati.

Mji nao una walimu wake. Kuna michezo ya kubahatisha juu ya mpira wa miguu. Kuna watu wanaomwambia mwanafunzi: leta dola 50, ulete na wenzako watano, baada ya mwezi utapata mara tatu. Wazee wetu wanakumbuka habari ya Bindo huko Kinshasa, ambayo iliahidi faida kubwa kwa haraka, kisha ikaanguka mwaka 1991 na akiba za familia nyingi zikapotea. Jina linabadilika, lakini mtego ni uleule. Kijana ambaye hajawahi kuona faida ya kweli inavyozaliwa polepole, hana kipimo cha kujua uongo.

Tena kuna sababu ya pili. Vijana wetu wengi wanangoja kumaliza masomo ndipo waanze kujifunza kazi. Anapata diploma akiwa na miaka 25, anaanza kupeleka barua katika mashirika, anangoja. Mwingine anapewa mtaji na familia, naye hajawahi kushika biashara hata ya mikate. Kupoteza franka 2.000 katika mwaka wa kwanza ni shule. Kupoteza dola 2.000 baada ya diploma ni kilio cha ukoo mzima.

Vyuo vikuu vya makanisa yetu vimeliona jambo hili. ULPGL ya Goma ilianza mwaka 1985, UEA ya Bukavu mwaka 1991, na UCBC ya Beni mwaka 2007. Kule Beni, kazi na huduma kwa jamii ziliwekwa ndani ya malezi ya mwanafunzi, pamoja na masomo ya darasani. Lakini chuo hakiwezi kumpa kila mwanafunzi mama wa kumfuata sokoni. Hiyo ni kazi ambayo kanisa la mahali linaweza kuifanya vizuri zaidi, kwa sababu wafanyabiashara wako kwenye viti vyetu kila Siku ya Bwana.

Mlezi wa biashara ni nani

Binti huyu alitoka Walungu, akafikia kwa baba yake mdogo, akajiandikisha katika masomo ya uchumi na usimamizi. Kanisa lilimweka pamoja na mama mmoja anayeuza sambaza katika soko la Kadutu tangu zaidi ya miaka 20. Sambaza, kama tunavyojua, si samaki wa asili wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nyumba nyingi zinaishi kwa uvuvi na biashara yao. Mama huyu aliacha shule katika mwaka wa nne wa shule ya msingi.

Wengine waliuliza: mtu wa chuo kikuu atajifunza nini kwa mama ambaye hakumaliza shule? Ni swali la haki, na jibu lake linaonyesha mlezi ni mtu gani. Hatukutafuta tajiri. Tulitafuta mtu mwenye sifa tatu: amedumu katika kazi moja kwa miaka mingi, analipa madeni yake, na majirani zake wa sokoni wanamshuhudia vema. Mtu aliyepata mali haraka hawezi kumfundisha mtoto uvumilivu, kwa maana yeye mwenyewe hakuhitaji.

Miezi mitatu ya kwanza binti hakupewa feza yoyote. Alikwenda sokoni mara moja kwa juma, siku ambayo hakuwa na masomo, akiwa na daftari. Kazi yake ilikuwa kuangalia, kuuliza na kuandika. Aliona mama ananusa samaki kabla ya kutaja bei. Aliona kwamba mteja wa asubuhi anataka samaki wazuri, na mteja wa jioni anataka bei ndogo. Aliona tena kwamba mama anaweka feza katika mifuko miwili: mmoja wa biashara, mmoja wa nyumba. Watoto wakiomba feza ya madaftari, mama hafungui mfuko wa kwanza.

Hesabu iliyomfungua macho

Baada ya miezi mitatu, binti alikopa franka 100.000 katika AVEC ya wamama wa kanisa. Wasomaji wengi wanajua AVEC. Njia hii ilianza Niger mwaka 1991 pamoja na shirika la CARE, kisha ikaenea Afrika nzima. Watu 15 mpaka 25 wanakusanyika, kila mmoja ananunua hisa kidogo kidogo, feza inakaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Wanakopeshana kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko, karibu mwaka mmoja, wanagawana. Kuna pia mfuko mdogo wa kusaidiana kwa ugonjwa na msiba.

Binti alinunua sambaza wakavu kwa franka 100.000 akawauza wote kwa 125.000. Akaandika: faida 25.000. Alifurahi sana. Mama alimwambia, «Mtoto wangu, samaki walitembea kwa miguu yao mpaka sokoni?» Wakaanza kuhesabu tena. Pikipiki 4.000, mtu wa kubeba 3.000, kodi ya soko 1.000, mifuko ya plastiki 2.000. Jumla 10.000. Faida ikabaki 15.000. Kisha riba ya AVEC, asilimia 5 kwa mwezi, yaani 5.000. Ikabaki 10.000.

Mama akauliza tena, «Na hizo 10.000 ziko wapi?» Binti alifungua mfuko. Katika zile 125.000, wateja wawili walichukua samaki wa 12.000 kwa deni. Mkononi alikuwa amepokea 113.000 tu. Lakini matumizi yote, pamoja na kurudisha mkopo na riba, yalikuwa 115.000. Kwenye karatasi alikuwa na faida ya 10.000, na mfukoni alipungukiwa na 2.000.

Binti aliniambia kwamba tofauti kati ya faida na feza iliyo mkononi aliifundishwa darasani wiki chache baadaye, na wanafunzi wengi hawakuelewa. Yeye alielewa upesi, kwa sababu alikuwa ameshaona usiku bila usingizi juu ya franka 2.000. Darasa lilimpa jina la jambo ambalo soko lilikuwa limemwonyesha. Hapa ndipo tunaona kwamba malezi haya hayashindani na masomo. Yanayasaidia kuingia ndani ya mtu.

Jumamosi ya huduma

Sehemu ya pili ya malezi ilikuwa huduma. Neno hili linahitaji maelezo, kwa sababu katika nchi yetu kazi ya pamoja ina historia. Wakati wa Mobutu watu walitoka kwa salongo kwa sababu ya amri na woga, na wengi wamebaki na wazo kwamba kazi bila malipo ni adhabu. Huduma tunayoisema hapa ni nyingine. Mwanafunzi anachagua kazi moja, inafanyika kwa saa mbili kwa juma, inatumia kitu anachokijua, na inawafaa watu ambao hawawezi kumlipa.

Binti alichagua darasa la wamama wanaojifunza kusoma na kuhesabu, Jumamosi asubuhi katika jengo la kanisa. Alifika akifikiri atawafundisha hesabu. Juma la kwanza aligundua kwamba wamama wengi wanahesabu kichwani kwa haraka kuliko yeye. Walichokosa ni kuandika. Deni la juzi, deni la juma lililopita, mtoto wa nani alichukua unga, yote yalikaa kichwani, na kichwa kinachoka.

Kwa hiyo aliacha kitabu kwa muda, akaanza na daftari la madeni: jina, siku, kiasi, alama ya kulipa. Mlezi wake alikuwa mmoja wa wanafunzi wa darasa hilo. Katika mwezi wa pili mama huyo aliweza kuandika majina ya wadeni wake mwenyewe, na hapo akaona jambo ambalo hakuwa ameliona miaka yote: mteja wake mmoja alikuwa akikopa tena na tena kabla ya kumaliza deni la zamani.

Fikirieni hali hiyo, wandugu. Siku ya soko mama ni mwalimu na binti ni mwanafunzi. Jumamosi binti ni mwalimu na mama ni mwanafunzi. Hakuna aliyemdharau mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kutojua. Ndiyo maana tunasema huduma na biashara zisitenganishwe katika malezi haya. Mwanafunzi anayefundishwa biashara peke yake anaweza kuwaona watu kama mifuko ya feza. Anayepewa huduma peke yake anaweza kuwaona kama watu wa kuhurumiwa tu. Akipata yote mawili, anawaona kama majirani.

Februari 2025

Katikati ya Februari 2025 vita vilifika Bukavu. Maghala na maduka mengi yaliporwa, benki zikafungwa, na kwa siku kadhaa watu walibaki nyumbani. Binti alikuwa na sambaza wakavu waliobaki kwa baba yake mdogo. Majirani walianza kugonga mlango, maana nyumba nyingi hazikuwa na mboga. Kijana mmoja wa mtaa alimshauri apandishe bei mara mbili: watu watanunua tu, hawana njia nyingine.

Hilo lilikuwa swali kubwa kuliko mtihani wowote wa mwaka ule. Feza ya AVEC ilikuwa juu yake, minervali ya sehemu ya pili ilikuwa mbele yake, na hakuna aliyejua kama soko litafunguliwa tena. Alimpigia mama simu. Mama alimjibu kwa maneno machache: auze mali ya jana kwa bei ya jana mpaka iishe, akinunua tena kwa bei mpya, ndipo abadilishe bei. Tena asimwuzie mtu mmoja wote, agawanye kwa vipimo vidogo ili nyumba nyingi zipate.

Binti alifanya hivyo. Nyumba mbili hazikuwa na franka hata moja, akaandika deni. Aliwajua, walikuwa wamama wa darasa la Jumamosi. Mmoja alilipa. Mwingine alikimbia na watoto wake, na deni lile halijalipwa mpaka leo. Soko liliporudi, binti alikuwa amepungukiwa na franka 18.000 katika mtaji wake.

AVEC ilikutana. Wamama walijadiliana, wakaamua kutodai riba kwa miezi miwili kwa kila mwanachama aliyepoteza mali. Binti alianza tena na mtaji mdogo. Polepole wateja walirudi, na wa kwanza walikuwa wale wa mlangoni kwake siku za njaa. Mwisho wa mwaka wa masomo alikuwa amemaliza mkopo wake. Minervali hakuweza kuilipa yote. Alilipa sehemu, na familia ikalipa iliyobaki.

Sisemi kwamba mtu akifanya haki lazima apate faida. Wako wafanyabiashara waaminifu waliopoteza kila kitu katika siku zile, na Mungu anawajua. Ninasema hivi: siku ya taabu, kijana huyu hakuamua peke yake, na hakuamua juu ya watu asiowajua. Alikuwa na mlezi wa kumpigia simu, na majirani ambao majina yao yalikuwa katika daftari lake la Jumamosi. Malezi ya miezi mitano yalifanya kazi katika dakika tano.

Msomi aliyefundishwa na mafundi wa hema

Jambo hili si geni katika Maandiko. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18, Paulo anafika Korinto na kukaa kwa Akila na Prisila, kwa sababu kazi yao ilikuwa moja na yake: kushona hema. Nyumba ile ilikuwa mahali pa kazi na mahali pa kulala wageni, na baadaye kanisa lilikutana nyumbani mwa Akila na Prisila. Hakuna ukuta uliowekwa kati ya kazi ya mikono na kazi ya Injili.

Mwisho wa sura hiyohiyo anatokea Apolo, mtu wa Aleksandria, msomi, mwenye nguvu katika Maandiko na ulimi mzuri. Anahubiri Efeso kwa bidii, lakini kuna kitu kimepungua katika ujuzi wake. Nani anamchukua na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi? Ni Akila na Prisila, washona hema. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao. Na Apolo, pamoja na elimu yake yote, alikubali kufundishwa.

Tunahitaji moyo huo pande zote mbili. Wanafunzi wetu wawe na unyenyekevu wa Apolo. Na wafanyabiashara wetu wasiseme, «Mimi sikusoma, nitamwambia nini mtoto wa univesite?» Akila na Prisila hawakungoja diploma.

Namna kanisa la mahali linaweza kuanza

Kazi hii haihitaji msaada wa mfadhili. Inahitaji utaratibu na uaminifu. Haya ndiyo tuliyoyaona kuwa ya lazima.

Kwanza, andikeni orodha mbili: wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliofika, na wafanyabiashara na mafundi wenye ushuhuda mwema. Mshona nguo, mwuza unga, fundi wa mbao, mwenye duka la dawa, wote wanafaa. Msichana awekwe na mama, mvulana na baba, na wakutane mahali pa wazi, penye watu.

Pili, miezi mitatu bila feza. Daftari kwanza, mtaji baadaye. Mtaji utoke katika kikundi cha akiba ambacho mwanafunzi ameingia kama mwanachama, usiwe zawadi. Na mchungaji asishike feza za mwanafunzi wala za kikundi.

Tatu, saa ziwekewe mpaka. Nusu siku ya soko na saa mbili za huduma kwa juma zinatosha. Wakati wa mitihani, biashara inafungwa. Kijana alitumwa mjini kusoma, na biashara ikianza kumtoa darasani, mlezi mwenyewe amrudishe. Tena mlezi asimgeuze kuwa mfanyakazi wa bure. Akitaka mtu wa kubeba mizigo, amlipe.

Nne, kila mwezi mwanafunzi na mlezi wakae na mzee mmoja wa kanisa, wafungue daftari la biashara na daftari la huduma pamoja. Waulizane maswali mawili: ulipata nini, na nani alifaidika nawe?

Mipaka ipo. Malezi haya hayamalizi ukosefu wa kazi katika nchi yetu, hayaleti amani, na hayaondoi wajibu wa wazazi juu ya minervali. Si kila mwanafunzi atakuwa mfanyabiashara. Mwingine atakuwa mwalimu, muuguzi au mhubiri. Lakini hata yeye atashika mshahara, atasimamia matoleo ya watu, atakopa na kukopesha. Itamfaa kujua kwamba samaki hawatembei kwa miguu yao mpaka sokoni.

Katika kanisa letu, binti huyu sasa anasaidia kuwapokea wanafunzi wapya, na mama wa sambaza amekubali mtoto mwingine. Kabla masomo hayajafunguliwa tena, wazee wa kila kanisa la mahali wakae jioni moja na kuandika zile orodha mbili. Bwana awasaidie kuona majina ambayo tayari amewapa.